Mimba Iliyonishikisha Kopo

Kama unasoma haya huku umeinamia beseni, soma polepole, mimi sina haraka. Nimeinama hapo ulipo miezi minne na nimeinuka. Siandiki kukufundisha udaktari. Shule niliishia darasa la tatu, na hata hilo la tatu nililisoma akili yangu ikiwa kwa ng'ombe wa baba. Nilichonacho ni kile nilichokiona kwa mwili wangu mwenyewe, na hicho hakuna wa kunisahihisha.

Watu wananiita Mama Masanja. Nimezaliwa kijijini nje kidogo ya Kagongwa, nikaolewa huko huko, na zamani nilikwenda Rwamgasa na sufuria mbili kuwapikia wachimbaji ugali. Leo nina karasha mbili, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Hakuna mwanaume aliyeninunulia hata mkanda wa mota. Nayasema haya si kwa kujisifu tu, ingawa najisifu pia. Nataka ujue ni mtu wa namna gani aliyekuja kuangushwa na harufu ya kitunguu.

Watoto watatu niliwazaa bila kutapika hata mara moja. Masanja, wa kwanza, nilimzaa siku ile ile niliyotoka kupalilia pamba. Wa mwisho alipofika miaka kumi na tisa nikajua kazi hiyo imekwisha. Tayari nilikuwa bibi. Masanja alikuwa ameoa, anakaa Ngokolo pale Shinyanga mjini, na mke wake, Minza, alikuwa ametuzalia mjukuu wa kike aliyepewa jina langu, Kabula, kama inavyotakiwa.

Kwa huyo Minza ndipo pa kuanzia, maana nilimkosea.

Alipokuwa na mimba ya huyo Kabula mdogo nilikwenda kumtembelea. Nikamkuta amelala saa nne asubuhi, kanga usoni, na kando ya kitanda kopo la maziwa ya unga analotemea mate. Mate yalikuwa yanamjaa kama mtu aliyeng'ata ndimu. Nikasimama mlangoni nikamwuliza kama mimba yake ndiyo ya kwanza duniani. Nikamwambia kwetu mwenye mimba anabeba ndoo kichwani na nyingine mkononi, na kwamba huo ni ugonjwa wa watoto wa mjini waliosomeshwa mpaka kidato cha nne wakasahau ufagio. Kisha nikalichukua lile kopo, nikalimwaga, nikalitupa jalalani.

"Sasa tuone utatemea wapi," nikamwambia. "Amka."

Aliamka. Alifagia uwanja mzima huku anameza mate yake. Sikuona kama analia, na sikutafuta kuona. Niliporudi Rwamgasa niliwasimulia wanawake wa mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, tukacheka mpaka tukashikana mabega.

Miaka minne ikapita. Nilikuwa na arobaini na nne. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na mume wangu, Baba Masanja, alikuwa Kagongwa anatengeneza majaruba ya mpunga. Mimi nilikuwa karashani. Mama ntilie jirani yangu akaanza kukaanga kitunguu, kama anavyokaanga kila siku ya Mungu. Harufu ikanifikia, ikanishika shingo kwa ndani. Nilikimbilia nyuma ya pipa la dizeli, na huko dizeli nayo ikanimalizia.

Wanasema kichefuchefu cha mimba ni cha asubuhi. Aliyesema hivyo hajawahi kukipata. Changu kiliamka kabla yangu, kikashinda nami, kikalala baada yangu. Nikueleze kilivyo. Ni kama umepanda lori la mizigo, umekaa juu ya magunia, barabara mbovu, tumbo tupu, na mtu anavuta sigara mbele yako. Lori halifiki, na kushuka huwezi, kwa sababu lori ni mwili wako mwenyewe. Ukitapika unapata nafuu ya kumaliza kunawa uso, basi, linaondoka tena.

Pua ikawa pua ya mbwa. Sabuni ya kufulia niliisikia kutoka nyumba ya tatu. Maji nayo yakawa na harufu, maji safi ya kunywa, yananuka kama sufuria ya jana. Mara nyingine hata chakula chenyewe hakikuhitajika, jina lake lilitosha. Mtu alitamka tu nsansa, mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, mboga niliyokulia, nami nikaacha mteja kasimama na mawe yake.

Hedhi ilikuwa imekatika, nikasema ni umri. Kutapika nikasema ni malaria. Nilinunua dawa duka la dawa bila kupima, nikaitapika. Nikanunua nyingine, nayo nikaitapika. Wiki ya tatu nikajikokota hadi zahanati. Muuguzi alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa mwisho. Akaniamkia, akanipa kichupa cha mkojo, nikakaa kwenye benchi na wanawake wenye vichanga, najifunika pua kwa sababu mmoja alikuwa amepaka mafuta ya nazi.

"Mama, una mimba," akaniambia.

"Rudia kipimo."

Akarudia. "Nimerudia, mama. Bado ni mimba."

Nikamwuliza, "Ya nani?"

Yule binti akaweka kalamu chini. "Hiyo sasa mama, mimi nitaijuaje?"

Benchi zima likasikia. Wakacheka, na mimi nikaondoka bila kuchukua kadi ya kliniki.

Nilikuwa na sababu mbili za kuficha. Ya kwanza, kwetu mama mkwe hashindani na mke wa mwanawe kuzaa. Ukishaitwa bibi unakaa kwenye kiti cha bibi. Ya pili ni kazi. Kuna wachimbaji wanaoamini kwamba mwenye mimba akisogelea mawe, dhahabu inakimbia. Mimi siamini, ila wateja wangu wanaamini, na karasha nyingine ziko hatua ishirini kutoka kwangu. Kwa hiyo nikaendelea kuumwa malaria. Malaria ya mwezi mzima. Watu wakanipa pole, nikazipokea.

Hapo katikati ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natulia kwanza.

Kulikuwa na harufu moja tu duniani isiyonichafua, nayo ni ya jiwe lililosagwa likamwagiwa maji. Ukiwahi kusikia ardhi inavyonuka mvua ya kwanza ikigonga vumbi la kiangazi, ndiyo hiyo hiyo. Nilikuwa nasimama karibu na karasha navuta pumzi. Baadaye nikachovya kidole kwenye ule unga wa mawe, nikalamba. Kichefuchefu kikakaa chini kama mbwa aliyeamriwa. Siku iliyofuata nikalamba tena. Mwishowe nikawa nafunga fundo la ule unga kwenye pindo la kanga, natembea nalo, nalamba kama sukari. Najua wajawazito wengi wanakula udongo, unauzwa sokoni vipande vizuri vyeupe. Lakini mimi sikuwa nakula udongo wa sokoni. Viroba tunavyobebea ule unga ni vile vile vinavyokwenda mwaloni na kurudi, na mwaloni ndiko inakotumika zebaki ya kukamatia dhahabu. Mimi ndiye niliyekuwa nawakemea mabinti wasiishike kwa mikono mitupu. Nilijua. Nikajiambia changu hakijafika mwaloni. Nikaendelea kulamba.

Mwili ukaanza kuniaga. Pete ikawa inazunguka kidoleni yenyewe. Midomo ikapasuka. Mkojo ukawa wa rangi ya chai isiyo na maziwa, halafu ukawa hauji kabisa mpaka jioni. Na mate yakaanza. Yale yale ya Minza. Yanajaa mdomoni, mazito, ukiyameza yanakurudisha kutapika, ukiyatema yanajaa tena. Nilitemea mchangani nikifukia kwa mguu kama kuku, mtu mzima mwenye karasha mbili.

Siku niliyoanguka ilikuwa saa tano, jua kali, karasha inazunguka. Nilishika nguzo, nguzo ikanikwepa. Walinilaza kivulini wakampigia simu Baba Masanja.

Alikuja siku hiyo hiyo na matope ya jaruba kwenye magoti. Alikaa, akasema anaona kuna mtu amenitupia kitu kwa sababu ya hizi karasha, na Kagongwa kuna mzee anayejua kukitoa.

"Nilichotupiwa," nikamwambia, "ulinitupia wewe."

Alichelewa kuelewa. Alipoelewa alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Sikuwahi kumwona hivyo tangu siku ya kuleta mahari. Kisha akasema ni lazima niondoke, niende Ngokolo, kwa mwanangu, mahali penye hospitali kubwa na mtu wa kunihudumia.

"Kwa Minza siendi."

"Basi chagua. Kwa Minza, au kwa mchungaji akuzike. Mimi kote nitakusindikiza."

Safari nisiisimulie. Nilikwenda na mifuko ya plastiki kumi na miwili, ilipokwisha tulikuwa bado hatujafika Kahama.

Minza alikuwa mlangoni. Akapiga goti, "Shikamoo mama," nikaitika marahaba nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga. Nilisubiri acheke. Haki yake ilikuwa hiyo, na mimi ningecheka. Alinitazama midomo, akanitazama mkono niliozibia mate.

"Ina miezi mingapi, mama?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia, alisikia tu kwamba natapika, akajua. Nikamwonyesha vidole vitatu, maana mdomo ulikuwa umejaa.

Akanishika kiwiko akaniingiza chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na kando yake kopo la maziwa ya unga, lenye mfuniko, na ndani mchanga mkavu robo kopo. Nikauliza mchanga wa nini, nilipoweza kuuliza. Akasema mate yakigonga bati tupu yanatoa mlio, na mlio huo nao unatapisha. Mchanga unanyamazisha, na harufu unaificha. Aliligundua hilo mwenyewe, wakati wa Kabula mdogo, baada ya mimi kuondoka. Alisema hivyo tu, "baada ya mama kuondoka," akatoka kwenda kuchemsha maji.

Nikatemea humo. Halikutoa sauti.

Kesho yake tulikuwa kwenye benchi la hospitali tangu saa moja. Mabenchi matatu, wanawake wamebanana, na feni moja isiyozunguka. Msichana aliyekaa karibu nami, tumbo lake dogo kama kiazi, akaniamkia akaniuliza, "Bibi, umemleta nani?" Nikamwambia nimejileta. Akatazama kopo mapajani kwangu, akasogea nipate nafasi. Wengine nao wakasogea. Kila mmoja akaanza kusema lake. Mmoja alikuwa hawezi kusikia sauti ya mume wake, siyo harufu, sauti. Mmoja alikuwa anatapika akipiga mswaki, miezi sita sasa. Miezi yote ile Rwamgasa nilidhani niko peke yangu duniani, kumbe benchi zima ni la kwetu.

Nikalazwa. Mishipa ilikuwa imejificha, wakanichoma mikono yote miwili, mwishowe wakaupata mmoja juu ya kifundo cha mguu. Dripu ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia, na kwenye ya tatu nikasikia ulimi wangu unalowa. Huwezi kujua maji ni nini mpaka uyapate bila kuyameza. Kulikuwa na mama mmoja wa kupiga deki, dawa yake ya sakafu ilikuwa na manukato makali. Aliniona ninavyojikunja. Kuanzia siku hiyo akifika kitandani kwangu anabadilisha ndoo, ananipigia deki kwa maji matupu. Sijui jina lake. Namwombea mpaka leo.

Siku ya pili Minza alikuja kunibadilisha kanga. Akaikunjua ile niliyotoka nayo Rwamgasa, fundo likafunguka, ule unga wa kijivu ukamwagika kwenye shuka.

"Mama, hii ni nini?"

"Udongo."

"Udongo gani?"

Nikageukia ukutani. Akachukua kidogo, akasugua kwa vidole viwili. Ni mke wa mtu aliyekulia machimboni, anajua.

"Huu wa karashani," akasema. "Mama, viroba vyenu si vinatoka mwaloni?"

Akakusanya ule unga wote, punje kwa punje, akaufunga kwenye karatasi. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yangu, akasema taratibu wenzetu wasisikie.

"Mimi nilimeza mate uwanja mzima kwa sababu ya aibu, mama. Yalikuwa mate tu. Wewe hili usilimeze. Mwite nesi umwambie, au nitamwita mimi."

Nimegombana na wanaume wenye sururu mkononi sikurudi nyuma. Siku hiyo nilitafuta pa kukimbilia. Kumwambia nesi ilikuwa kusema kwamba mimi, Mama Masanja, mwenye kujua zebaki kuliko hao wote, nimemlisha mwanangu tumboni kwa mkono wangu mwenyewe. Na hapo, katikati ya aibu, ndipo nilipojua kwamba namtaka. Mpaka dakika hiyo alikuwa mimba, jambo lililonipata. Sasa akawa mtoto, na ninaweza kumkosa.

Nikamwita nesi mwenyewe.

Daktari alikuja akanisema vibaya, na sikumlaumu. Wakanichukua damu. Wakanipeleka kwenye kile chumba cha giza wanakopaka mafuta ya baridi tumboni, na pale kwenye kioo nikaona kitu kama harage kinachopepesa. Daktari akanisikilizisha moyo wake. Ulikuwa unakwenda mbio, kama mota ndogo inayofanya kazi yake bila kuuliza mafuta yametoka wapi. Nikauliza kama atakuwa mzima. Daktari akasema nisiuguse tena ule unga, nile, ninywe, nirudi kliniki kila ninapoambiwa, mengine tutayaona akizaliwa. Hakuniahidi kitu. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa miezi iliyobaki niliibeba pamoja na neno lake.

Tulirudi Ngokolo. Nitakwambia Minza alivyofanya, uchukue kinachokufaa. Kabla sijainua kichwa kitandani alinipa kipande cha tobolwa, kiazi kitamu kilichochemshwa kikakaushwa, kigumu kama kuni. Nilikitafuna nikiwa bado nimelala, polepole, hadi kilainike. Ndipo nikae. Ndipo nisimame. Maji si kikombe, ni kijiko, kila baada ya muda. Uji wa baridi, wa moto ukinuka. Jiko akalihamishia nyuma ya nyumba. Na kwa ile tamaa ya mawe, maana haikuisha siku moja, alivunja mtungi mkongwe, akaweka kigae kwenye kikombe, akakimwagia maji, akanipa ninuse. Kunusa tu. Nikawa naketi barazani na kikombe changu cha kigae kama mtu anayekunywa chai.

Usidhani tulikaa kama malaika. Nilimfokea kwa harufu ya nywele zake. Nilitapika kwenye kanga yake mpya nikamlaumu kwamba kanga yenyewe ina rangi mbaya. Siku moja alichoka, akaweka kijiko chini akasema, "Mama, na wewe mgonjwa una mdomo." Masanja akatoka nje, hakujua acheke na nani. Mwezi uliofuata nililazwa tena siku nne, tukarudi benchi lile lile, tukaanza upya kwa kijiko.

Baba Masanja alikuja kila Jumamosi. Mimba ilikuwa imemkataa, nasema kweli. Harufu ya ng'ombe wake niliisikia akiwa bado barabarani. Akawa anaoga kwa maji matupu bila sabuni, anakaa nje chini ya dirisha, upande wa pili wa upepo, tunaongea kupitia wavu. Ananieleza mpunga umefika wapi. Umepandikizwa. Umeshika. Umepaliliwa. Umechanua. Ndivyo nilivyohesabu siku zangu, kwa mpunga nisiouona.

Aliposema umeanza kuinamisha vichwa, asubuhi moja niliamka nikaona kuna kitu hakipo. Nililala kimya nikikitafuta. Lori lilikuwa limesimama. Nje Minza alikuwa anakaanga kitunguu, alisahau, au alichoka kukaangia nyuma. Nikasikia harufu yake. Ilikuwa harufu ya kitunguu tu.

"Minza," nikaita, "hiyo mboga ni ya nani?"

Akaja mbio, mikono imelowa, anaomba radhi. Nikamwambia aniletee pamoja na ugali. Alisimama mlangoni ananitazama ninavyokula, pale pale niliposimama mimi siku ile. Mtoto akanipiga teke kabla sijamaliza tonge la tatu.

Nikarudi Rwamgasa na tumbo langu mbele, bila malaria. Mzee mmoja wa maduara, yale mashimo ya dhahabu, akaondoa mawe yake kimya kimya, akayapeleka kwa jirani. Wengine walitazamana, wakabaki. Baada ya wiki mbili yule mzee akarudi, akasema karasha ya jirani inasaga nusu nusu. Viroba vya mwaloni nilivipiga marufuku kurudi kwangu, mpaka leo vina alama ya rangi nyekundu.

Siku zilipokaribia nilirudi Shinyanga, nikazaa msimu wa pamba, upepo wa kiangazi unapiga mabati. Nilipomsikia analia sikuuliza ni wa kike au wa kiume. Niliomba wanipe, nikahesabu vidole, nikamfungua macho kwa kidole changu, nikamgeuza kama mtu anayekagua jiwe. Mkunga akaniambia, "Mama, mtoto mzima, mwache apumue." Bado kila kliniki nilikuwa naenda roho mkononi. Alikaa kwa wakati wake, alitambaa kwa wakati wake, na maneno aliyawahi kuliko kaka zake.

Nikampa jina Minza. Mabibi wa ukoo kule Kagongwa walinuna. Mtoto wa mama mkwe anapewa jina la mkwe wapi? Jina linapanda mlima? Nikawaambia waliobeba kopo langu wanyooshe mkono. Hakuna aliyenyoosha. Siku Minza mkubwa alipoambiwa alifunika uso kwa kanga, na mimi nikasema wabeja, asante ya kwetu, kwa sauti ya kusikika. Neno la kuomba msamaha sijui kulitamka, sikufundishwa. Ila yeye anajua nilipoliweka.

Sasa Minza mdogo anakimbiza kuku, na mwaka huu Minza mkubwa kule Ngokolo ana mimba ya pili. Niliposikia nilifunga karasha moja, nikajaza mchanga mkavu kwenye kopo, nikachukua matobolwa nusu kiroba na kigae cha mtungi, nikapanda gari. Nikafika nikamwambia alale. Akakataa, ana nguo za kufua. Nikakaa siku ya kwanza, ya pili, wiki, nikimfuata kila asubuhi kitandani na kopo. Hatapiki. Anakula nsansa, anakula dagaa, anaomba na kitunguu kibichi. Wiki ya pili ikaisha.

"Mama," akaniambia, "rudi karashani kwako. Mimi safari hii ni mzima."

"Nitarudi kesho."

"Na hilo kopo uende nalo, tunajikwaa nalo."

Nilirudi. Kopo nililiacha, nimelisukuma chini ya kitanda upande anaolalia, na mfuniko nimeulegeza.